Tawakali: Dawa ya Mja Aliyeshindwa na Nafsi Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akaujua udhaifu wake kabla hajamuumba, akamfungulia mlango wa toba kabla hajakosa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila afuataye mwendo wao kwa wema hata Siku ya Malipo.

Amma baad. Katika maradhi yawapatayo Waislamu hakuna yajifichayo kama maradhi ya mtu aijuaye dhambi yake, aichukiaye, atakaye kuiacha, kisha asiweze. Mtu huyu si mwenye kumkana Mola wake, wala si mwenye kiburi. Husali akalia, akala yamini ya kuacha, na hata jua la pili halijatua yuko palepale alipokuwa. Akifanya hivyo mara nyingi huona haya mbele ya Mola wake, na haya ile ikizidi humtoa safuni, kisha humtoa msikitini, mwisho humtoa katika dua. Basi Ibilisi hupata kwa mtu mmoja faida mbili: dhambi yenyewe, na kukata tamaa, na hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya wale wakaao naye.

Na ajue kwanza ya kuwa udhaifu wake si habari mpya kwa Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 28, Mwenyezi Mungu amebainisha ya kuwa ataka kuwapunguzia waja wake mzigo, kwani mwanadamu ameumbwa hali ya kuwa dhaifu. Hakumuumba malaika kisha akastaajabu kumwona anajikwaa. Lakini kujua ya kuwa mtu ni dhaifu hakumpi ruhusa ya kukaa katika udhaifu wake. Kunamwonyesha tu ya kuwa nguvu zake peke yake hazitoshi, na ya kuwa sharti amtafute mwenye kumsaidia. Na huko kumtafuta ndiko kuitwako tawakali.

Neno hili tawakali na neno wakili asili yao ni moja katika lugha ya Kiarabu. Na watu wa pwani wamjua wakili ni nani. Mtu mwenye daawa barazani, asiyejua sheria wala kusema mbele ya kadhi, humweka wakili. Na amwekapo hutimiza mambo matatu: humwamini ya kuwa ajua na aweza, humweleza habari zote, za kumfaa na za kumwaibisha, kisha hufuata amri yake, akiambiwa alete hati huleta, akiambiwa afike asubuhi hufika. Ama mtu amwekaye wakili kisha akamficha nusu ya habari, huyo hakumweka wakili, bali amejidanganya nafsi yake. Na mtu amwekaye wakili kisha akalala nyumbani siku ya daawa, huyo naye hakumweka wakili.

Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, nao ni mwaka 1111 wa Miladi, ameeleza katika kitabu chake Ihya Ulumuddin ya kuwa tawakali ina daraja tatu. Ya kwanza ni hali ya mtu na wakili wake. Ya pili ni hali ya mtoto mchanga na mamake, asiyemjua mwingine wa kumlilia. Ya tatu ni hali ya maiti mbele ya mwoshaji wake. Daraja hizi mbili za juu ni za watu wa juu. Mja aliyezama katika dhambi na aanze na ile ya kwanza, nayo yamtosha kumvua.

Na ili jambo hili liwe wazi, na upigwe mfano wa mtu wa Mbuchi.

Mbuchi ni kijiji kilicho katika milango ya mto Rufiji, katika wilaya iitwayo leo Kibiti. Nchi ile ni ya maji na mikoko. Mto hauingii baharini kwa mlango mmoja, bali hugawanyika mikono mingi, na kati ya mkono na mkono pana misitu ya mikoko na mikandaa, na mashamba ya mpunga. Watu wake huenda shambani kwa mtumbwi, na sokoni kwa mtumbwi, na maziara ya jamaa zao kwa mtumbwi. Na mtumbwi una bwana wake, naye ni maji. Bahari ikijaa, maji hupanda mitoni na njia hufunguka. Ikipwa, pale palipokuwa na kina hugeuka tope, na mtumbwi hukaa juu yake kama gogo. Siku za bamvu maji huja kwa nguvu na kwenda kwa nguvu. Siku za maji mafu huja kidogo na kwenda kidogo. Mtoto wa pande zile huyajua haya kabla hajajua kuandika jina lake.

Basi na ifikiriwe hali ya mkata boriti wa huko, katika zama zile ambazo majahazi yalikuwa yakija kupakia boriti za mikoko na kwenda nazo Unguja na Arabuni. Boriti zilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Mtu huyu wa mfano alikuwa hodari wa shoka, msema kweli, mpole kwa watu wa nyumba yake. Alikuwa na ndugu yake ambaye walikata pamoja kwa shirika. Ndugu yule akafa, akaacha mjane na mtoto mmoja mwanamume, na akaacha sehemu yake, korija sita ambazo zilikuwa hazijauzwa. Jahazi likaja, boriti zikauzwa, na fedha ya yatima ikawa mkononi mwa ami yake kuwa amana.

Lakini ami huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa tembo. Kila arudipo msituni jioni, mtumbwi wake ulipita mbele ya nyumba ya mgema. Akaanza kunywa kwa fedha yake, ikaisha. Akatia mkono katika fedha ya yatima, akasema moyoni mwake, "Nitairudisha bamvu lijalo." Bamvu likaja likapita, na jingine likaja likapita, hata amana yote ikaisha.

Mkesha wa Idi yule mtoto akaja mlangoni, akasema, "Shikamoo, ami. Mama amenituma. Auliza kama fedha ya baba ipo, aninunulie kanzu ya Idi."

Akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Mwambie mama, tajiri hajalipa."

Mtoto akaenda zake. Na mtu yule akabaki mlangoni na uongo wake, akajua ya kuwa ulevi ulikuwa dhambi moja, na sasa zimekuwa tatu: ulevi, na kula mali ya yatima, na kumwambia mtoto uongo. Ndivyo ilivyo dhambi. Haikai peke yake, bali huita jamaa zake.

Usiku ule akaazimu kuacha. Na hapa msomaji na aangalie mambo aliyoyategemea, kwani ndiyo wayategemeayo watu wengi.

Kwanza alitegemea yamini yake. Akashika Msahafu, akaapa ya kuwa hatakunywa tena. Yamini ile ikakaa siku tisa. Siku ya kumi alichoka, na mvua ilimnyeshea, na nyumba ya mgema ilikuwa na moto. Akanywa, na juu ya dhambi ya tembo akaongeza dhambi ya kuvunja yamini.

Pili alitegemea hirizi. Akamwendea mganga, akapewa kitu cha kuvaa mkononi, akaambiwa ya kuwa akikivaa tembo litamchukiza. Akakivaa. Mkono uliovaa hirizi ndio ule ule ulioinua kata.

Tatu alitegemea kujificha. Akasema, "Aibu ya watu ndiyo inayoniua. Nitahama nikae dagoni, ndani ya mikoko, mahali asiponiona mtu." Akahamia dagoni katika kijito cha mbali. Huko kweli hakumwona mtu. Lakini na mtu wa kumzuia hakumwona. Tembo lililetwa kwa mtumbwi, na sala ya jamaa haikuletwa.

Watu wa milango ya Rufiji wana ukumbusho wao juu ya jambo hili la kujificha. Katika Vita Kuu ya kwanza, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikaingia katika mikono ya mto Rufiji ikajificha, maana mitambo yake ilikuwa imeharibika. Ikafunikwa matawi ya miti ili isionekane. Waingereza wakaigundua mwisho wa Oktoba mwaka ule, wakaizuia milangoni isitoke. Ikakaa humo miezi mingi, hata tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili, Severn na Mersey, zikaipiga ikaharibika kabisa. Yale maji yaliyoificha ndiyo yaliyoifunga. Manowari ile ilikuwa ikijificha kwa wanadamu, wenye macho yasiyopenya majani, nao waliiona. Je, mja atajificha wapi kwa Yule ajuaye kila jani lidondokalo? Na wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Basi usiku mmoja, maji yalipokuwa yakijaa, yule mtu akatoka dagoni, akapiga kafi hata kijijini, akabisha kwa mwalimu wa chuo baada ya sala ya Isha. Akaingia, akaketi, akanyamaza sana. Kisha akamweleza yote, hata habari ya kanzu ya Idi.

Mwalimu akamwuliza, "Mwanangu, haya umemwambia nani kabla yangu?"

Akasema, "Sijamwambia mtu, mwalimu."

Akasema, "Na Mwenyezi Mungu, umemwambia?"

Akasema, "Yeye ajua."

Mwalimu akasema, "Kujua ni sifa yake; kukiri ni kazi yako. Umeapa mbele yake, lakini hukumwomba. Ulipoapa, ulisema utaacha kwa nguvu za nani?"

Akasema, "Zangu."

Akasema, "Nazo ulikwisha kuziona. Sasa niambie: usiku huu nani aliyeuleta mtumbwi wako hapa?"

Akasema, "Nimepiga kafi, na maji yalikuwa yakijaa."

"Lau maji yangelikuwa yamepwa?"

"Ningalikaa topeni hata alfajiri, ijapokuwa ningalipiga kafi mpaka mikono ikatoka damu."

"Na lau maji yangalijaa, nawe umelala?"

"Ningalibaki dagoni."

Mwalimu akasema, "Basi elimu ya tawakali unayo, ila hukuitia katika nafsi yako. Maji hayavutwi kwa upondo. Hakuna mtu wa Mbuchi aliyeyaleta maji, wala hakuna aliyefika kwa kuyangojea amelala. Msaada wa Mwenyezi Mungu ndio maji. Toba yako na juhudi yako ndiyo kafi. Wewe ulikuwa ukipiga kafi topeni, ukajiona huna nguvu. Hukuwa huna nguvu. Ulikuwa huna maji."

Kisha akamkumbusha jambo alisemalo kila siku bila ya kulisikia. Muislamu asalipo faradhi zake tano husali rakaa 17, mbili za Alfajiri, nne za Adhuhuri, nne za Alasiri, tatu za Magharibi na nne za Isha. Na katika kila rakaa husoma Al-Fatiha. Na katika Al-Fatiha mja hukiri ya kuwa hamwabudu mwingine illa Mwenyezi Mungu, wala hamwombi msaada mwingine illa Yeye. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja katika aya moja, ili ajue mtu ya kuwa hata ibada hawezi kuifanya ila kwa msaada. Basi mara 17 kwa siku Muislamu huambiwa akiri ya kuwa hawezi peke yake. Mwenye kukiri hivyo kwa ulimi kisha akatoka msikitini akitegemea ushujaa wake, amesahau neno lake kabla ya kufika mlangoni.

Akamkumbusha na habari ya Nabii Yusufu (A.S.). Yeye ni Nabii, mwana wa Nabii, lakini alipotakwa na yule mke wa bwana wake, na milango imefungwa, hakusema ya kuwa yeye ni mtu wa nasaba kubwa asiyeweza kukosa. Alijikinga kwa Mwenyezi Mungu. Na walipozidi wanawake kumfanyia hila, alimwelekea Mola wake akakiri ya kuwa, asipomwepushia vitimbi vyao, yeye ataelekea kwao. Ikiwa Yusufu amesema hivyo, nani baada yake atajiamini? Lakini na litazamwe jambo jingine katika kisa hicho: Yusufu aliukimbilia mlango. Aliujua umefungwa, na juu ya hivyo alikimbia. Kukimbia kulikuwa juu yake, na kuokoka kulikuwa kwa Mola wake. Hakungoja mlango ufunguke ndipo akimbie.

Na ndiyo maana Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Tirmidhi kwa Anas bin Malik (R.A.), alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache huru na kutawakali, alimwamrisha kumfunga kwanza na kutawakali. Mtu wa Rufiji hana ngamia, lakini ana mtumbwi. Naye ajua ya kuwa asiyefunga mtumbwi wake usiku wa bamvu, asubuhi atauuliza bahari.

Baada ya maneno hayo mwalimu akamwambia afunge mtumbwi wake, yaani azibe njia za dhambi. Asipite tena mbele ya nyumba ya mgema, bali azunguke kwa kijito cha pili, ijapokuwa ni mbali. Fedha ya boriti isipokelewe na mkono wake, bali na mtu mwaminifu atakayeifikisha kwa mkewe. Arudi kutoka dagoni, na sala ya Magharibi aisali msikitini kila siku, kwani saa ile ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Na hamu ikimjia asibishane nayo, bali atawadhe, asali rakaa mbili, aseme: La haula wala kuwwata illa billah. Kisha akamwambia, "Na kesho, kabla ya yote, nenda kwa mjane wa nduguyo."

Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. Lakini halina budi, kwani wanachuoni, na miongoni mwao Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin, wameeleza ya kuwa toba ina sharti tatu ikiwa dhambi ni baina ya mja na Mola wake: kuiacha, kuijutia, na kuazimu kutoirudia, na ikiwa ndani yake mna haki ya mwanadamu, sharti ni nne, na ya nne ni kumrudishia mwenye haki haki yake.

Akaenda asubuhi, akasimama uani, akasema, "Shemeji, tajiri alilipa siku nyingi. Fedha ya mtoto nimeila mimi. Nimekuja kukiri, na kuomba muda nilipe."

Mwanamke akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Haki yangu ya kuambiwa uongo nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ama fedha ya yatima si yangu nikusamehe. Lipa, shemeji."

Na neno lake lilikuwa la haki katika sheria na katika uungwana.

Basi akaanza kulipa, bamvu kwa bamvu, kidogo kidogo. Na haisemwi ya kuwa tangu siku ile hakuanguka. Mwezi wa pili alianguka mara moja, na asubuhi yake akaazimu kurudi dagoni, asiuone uso wa mtu. Vijana wa barazani walipomwona wakacheka, na mmoja akamlaani.

Mwalimu alipopata habari aliwaita wale vijana, akawasimulia kisa alichokipokea Bukhari katika Sahihi yake: ya kuwa zama za Mtume (S.A.W.) palikuwa na mtu jina lake Abdallah, aliyekuwa akimchekesha Mtume, naye aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa pombe, akaadhibiwa. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akawakataza kumlaani, akawaambia ya kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ya sheria ilimpata, lakini kulaaniwa hakukuruhusiwa. Basi yeyote amlaaniye mwenzake aliyeanguka amefanya kazi ya Ibilisi bila ya ujira, kwani amemsaidia kumfukuza mtu mlangoni pa Mola wake.

Na yule aliyeanguka akamsimulia kisa cha Abu Mihjan Ath-Thakafi, kama walivyokipokea wanachuoni wa tarehe. Abu Mihjan alikuwa shujaa na mtu wa mashairi, lakini pombe ilimshinda, akaadhibiwa tena na tena. Katika vita vya Al-Kadisiyya, zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), alikuwa amefungwa pingu kwa amri ya Saad bin Abi Wakkas. Aliposikia vita vimepamba moto alimsihi Salma, mke wa Saad, amfungue, akatoa ahadi ya kurudi pinguni akisalimika. Akafunguliwa, akapanda farasi wa Saad, akapigana hata watu wakastaajabu. Kisha akarudi, akatia miguu yake pinguni kama alivyoahidi. Saad alipojua aliapa hatampiga tena kwa pombe. Ndipo Abu Mihjan akajibu ya kuwa naye hatainywa tena. Mtu yule yule aliyeshindwa na kikombe hakushindwa kutimiza ahadi. Basi asione mja ya kuwa kwa kuwa ameanguka mahali pamoja, hana tena wema wowote wa kumpeleka kwa Mola wake. Kuteleza si kuanguka, na kuanguka si kufa.

Yule mkata boriti akabaki kijijini. Siku zilipita, korija ya sita ikalipwa, na mtoto akavaa kanzu ya Idi nyingine iliyonunuliwa kwa fedha ya babake. Ama hamu ya tembo, haikusemwa ya kuwa iliondoka. Pengine ilimjia kila jioni hata mwisho wa umri wake. Na pengine kila jioni alizunguka kwa kijito cha pili. Lakini mtu aombaye msaada kila jioni kwa ajili ya hamu yake, hamu ile imekuwa kwake ni mwadhini amwitaye kwa Mola wake.

Na mfano umeishia hapo. Katika jambo hili watu wamepotea njia mbili, na kila Muislamu na ajihadhari nazo.

Wa kwanza ni wale wasemao, "Mwenyezi Mungu ndiye aliyeniandikia, akitaka niache, nitaacha." Hawa wamefanya kadari kuwa mto wa kulalia. Katika mpunga wao hawasemi hivyo. Hulima, hupanda, hukesha dunguni wakifukuza nguruwe na ndege, kisha ndipo wakaomba baraka. Katika fedha yao hawasemi hivyo. Husema hivyo katika dini yao tu, maana ndiyo waionayo nyepesi. Na Mtume (S.A.W.) amepiga mfano wa tawakali ya kweli kwa ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Ndege hutoka, hangojei kiotani.

Wa pili ni wale wajitegemeao. Hawa huacha dhambi kwa azma yao, na wakiweza siku chache huwadharau wasioweza. Na wakishindwa hukata tamaa, kwani walitegemea kitu kilichovunjika, wala hawana kingine. Na dalili ya kujitegemea ni hii: mtu akianguka, huona ajabu. Amtegemeaye Mwenyezi Mungu hajioni ajabu akianguka, bali huona huzuni; husimama akarudi, kwa sababu hakuwa akisimama kwa miguu yake tangu mwanzo.

Na kati ya makosa haya mawili ndipo ipitapo njia. Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ameahidi ya kuwa amtegemeaye, Yeye humtosha. Na katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 53, amewaita waja wake waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema yake. Hakuwaita waliokosa mara moja tu. Amewaita waliopita mipaka.

Basi mwenye dhambi asiyoiweza, na aisome nafsi yake usiku wa leo. Kama ameificha, na aifichue kwa Mola wake kwa jina lake, asiseme "makosa yangu" kwa jumla, bali aseme kosa ni hili. Kama ndani yake mna haki ya mtu, na aende kwa mwenyewe asubuhi. Kama iko njia impelekayo huko, na aizibe, ijapokuwa kuzunguka ni mbali. Kisha na aombe, wala asihesabu mara ngapi ameomba. Maji ya bahari hayachoki kurudi Mbuchi, mara mbili kati ya jua na jua. Na rehema ya Mwenyezi Mungu ni kubwa kuliko bahari, wala haina saa ya kupwa.

Ewe Mola, uzijuaye siri za waja, wape nguvu waliodhoofika, warudishe waliokimbia, walipie waliodaiwa, walinde mayatima na mali zao. Usiwaachie waja wako nafsi zao hata kwa kupepesa jicho. Uwajaalie kufunga mitumbwi yao, na uwajaalie maji. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.

Wabillahi tawfik.